Mwalimu Yudith na Mbuzi Ambaye Hakuwemo Kwenye Habari

Mwalimu Yudith Mmbaga anastaafu tarehe 30 Juni 1978, baada ya kuutumikia ualimu kwa miaka ishirini na tisa na nusu. Alianza Januari 1949 kwenye shule ya misheni huko juu milimani, katika darasa lisilo na madirisha, na anamalizia hapa kwenye Kituo chetu cha Masomo ya Jioni, Same, ambako amefundisha ufahamu wa Kiingereza tangu mwaka 1967. Ndugu Mkuu wa Kituo ameniomba mimi, Ernest Mshana, mwalimu wa hesabu, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Amenipa ukurasa mmoja. Ameomba uwe mtamu, na ameomba nisiguse mambo ya mtihani wa mwaka 1975. Nitachukua kurasa nitakazohitaji, na mambo ya mwaka 1975 nitayagusa kwa mikono miwili. Mashine ya kudurufu iko chumbani kwangu na ufunguo ninao mimi.

Kwanza tusidanganyane. Wasifu wa wastaafu una mazoea ya kumfanya kila mtu kuwa mpole siku ya mwisho. Mwalimu Yudith si mpole. Amewahi kumrudisha nyumbani mwanafunzi mwenye umri wa kumzaa Mkuu wetu kwa sababu alikuja bila kusoma. Wiki ya Uhuru, wakati walimu wenzake wakipaka chokaa mawe ya njiani kwa ajili ya gwaride, yeye aliwaweka watoto wake darasani mpaka saa sita, akisema nchi huru itahitaji watu wanaoelewa kile wanachotia sahihi. Baada ya hapo aliwafungulia mlango, akaenda kucheza ngoma nao, na inasemekana alicheza kuliko wote.

Alipohamia Same alikuja na sanduku la bati lililojaa makaratasi ambayo watu wengine huyatupa. Maelekezo ya dawa ya kunyunyizia kahawa. Karatasi iliyokuja na cherehani. Onyo lililobanduliwa kwenye pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vitabu vya ufahamu tulivyokuwa navyo vilijaa habari za watoto wanaocheza kwenye theluji, na Mwalimu alivitumia, maana mtihani nao ulipenda theluji. Lakini alisema mwanafunzi akichoka na theluji apewe dawa ya ng'ombe, kwa sababu hiyo akiielewa vibaya kuna kiumbe atakufa. Kuluthumu, mpishi wa kantini ya shamba la mkonge, alisoma onyo hilo darasani siku ya Jumanne, na Alhamisi akamzuia mnyapara wake kuchanganya dawa maradufu. Mnyapara alikasirika sana. Ng'ombe walipona.

Mwaka 1970 mtu mmoja alisimama kwenye mkutano wa tawi la chama akauliza kwa nini Kituo cha wananchi kinafundisha lugha ya mkoloni wakati taifa zima linajenga Kiswahili. Mwalimu Yudith alinyanyuka na mkoba wake kabisa, kama anayeondoka, akasema: "Ndugu, hata mimi nauliza hivyo hivyo. Mtihani wa kuingia chuo uko kwa Kiingereza. Uleteni kwa Kiswahili, kesho nafunga darasa nakwenda kulima tangawizi." Watu walipiga makofi. Mtihani haukuletwa kwa Kiswahili na mpaka leo haujaletwa, na yule aliyeuliza alikuwa na mtoto wake kwenye shule ya bweni ambako hata salamu za asubuhi ni za Kiingereza. Hilo nalo linaniudhi, lakini nisimalize hasira zangu mapema.

Njia yake ya kufundisha ilitoka nyumbani. Kwetu milimani vijiji vina ndiva, yaani bwawa la udongo na mawe linalojaa maji ya chemchemi usiku. Asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mferejini, na kila mwenye shamba akayapata kwa zamu yake. Darasa la Mwalimu lilikwenda hivyo. Kila mwanafunzi alikuwa na aya yake ya zamu, akaisoma kwa sauti, akaulizwa maswali, na mwenzake hakuruhusiwa kumchukulia jibu. Na ukijibu jambo ambalo halimo kwenye aya, hata kama ni kweli tupu, Mwalimu alipiga meza kwa kiganja: "Mwagilia kwa maji yaliyomo! Usiniletee mvua yako!"

Wanafunzi wa milimani walimwelewa mara moja. Wale wa mashamba ya mkonge, ambao baba zao walikuja kama manamba kutoka Kigoma na Tabora, ilibidi waelezwe ndiva ni kitu gani. Aliwaeleza bwawa, mfereji na zamu. Faini anayotozwa mtu aliyefungua maji nje ya zamu hakuwaeleza, kwa sababu haikuhusu somo. Naomba msomaji aliweke hilo kichwani.

Aweke na mawe. Upepo wa Same mnaujua: ukiacha karatasi mezani bila uzito, utaikuta barabara kuu ikielekea Moshi. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa jioni huja na jiwe lake la kukandamizia karatasi. Wa milimani huteremka na mawe meusi ya mtoni. Bartholomeo, mkata mkonge, na Kuluthumu walikuja na mawe meupe ya huku tambarare. Wageni hutucheka. Wacheke tu, wao hawajafukuzana na karatasi ya mtihani mpaka stendi ya mabasi.

Sasa mwaka 1975. Novemba ya mwaka huo watu kumi na mmoja walifanya hapa Kituoni mtihani wa lugha wa kuingia chuo kimoja cha ualimu. Chuo hicho sitakitaja jina, kwa kuwa mjumbe wake ndiye mgeni rasmi wa leo na ameketi mbele. Tisa walikuwa wa milimani, wawili wa mkonge. Msimamizi nilikuwa mimi. Nilitembea kati ya meza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mawe niliyakagua juu na chini. Hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyegeuza shingo. Hili nitalisema hata nikiwa kaburini.

Habari ya ufahamu ilihusu nchi moja ya milima, haikutajwa ni ipi, ambako wakulima hugawana maji ya bwawa kwa zamu. Kijana mmoja anafungua maji kabla ya zamu yake. Wazee wanakutana. Kijana anaadhibiwa kama ilivyo desturi ya mahali pale, na maji yanaendelea kushuka. Basi. Swali la nane likauliza: kijana alipewa adhabu gani? Jibu walilolitaka ni kwamba habari haisemi. Lilikuwa swali la mtego, na mitego kwenye mtihani inaruhusiwa, sina ugomvi nayo.

Watu tisa wa milimani waliandika kwamba alitozwa mbuzi.

Hedwiga, mmoja wa hao tisa, ambaye leo anasomea ualimu na amekuja kwenye sherehe hii, aliniambia baadaye kwamba hakuhisi hata kidogo kama anabuni. Alisoma kwamba kijana aliadhibiwa kama ilivyo desturi, na akamwona mbuzi kabisa, na kamba yake shingoni. Babu yake alitozwa mbuzi. Jirani yao alitozwa mbuzi. Mtu wa kwetu ukimwambia kwamba fulani kafungua ndiva nje ya zamu, umekwisha kumtajia mbuzi. Walisahau amri ya Mwalimu siku ile ile waliyoihitaji. Alipopata habari aliwanunia wiki nzima, akawaambia kwamba wamemletea mvua, tena ya mawe. Walistahili kukosa maksi ya swali la nane. Hakuna aliyebisha.

Lakini wasahihishaji hawakuishia kuwanyima maksi ya swali la nane. Walikaa huko chuoni, wakaona karatasi tisa kutoka chumba kimoja zina mnyama ambaye hakuwemo kwenye habari, wakaamua kwamba ni udanganyifu wa pamoja. Januari matokeo yote ya Kituo yalifutwa. Yote! Ya watu kumi na mmoja, wakiwemo Bartholomeo na Kuluthumu, ambao hawakujua habari za mbuzi na waliandika vizuri kabisa kwamba habari haisemi. Aliyefutiwa kwa udanganyifu haruhusiwi kufanya mtihani huo tena. Mwalimu Yudith aliambiwa kwamba amewafundisha majibu ya wizi, na mimi niliambiwa kwamba ama nilisinzia ama nilishiriki. Ndugu Mkuu wetu aliukubali uamuzi huo kabla chai yake haijapoa. Hakumwita Mwalimu, hakuniita mimi, na hakuuliza hata mbuzi ametoka wapi. Mwalimu wa miaka ishirini na saba alitolewa darasani akapelekwa stoo kugawa chaki.

Nimeombwa niandike kuhusu mafanikio yake. Haya ndiyo mafanikio yake: hakukaa stoo. Alikuwa akigawa chaki asubuhi, na kila alipopata siku ya ruhusa alipanda basi kwenda chuoni, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka aitwe au afukuzwe. Mara ya kwanza waliyomwita, mkuu wa chuo alimwambia kwa heshima zote, "Mama, habari tumeisoma sote. Mbuzi hayumo." Mwalimu akamjibu, "Najua hayumo, baba. Yumo huko wanakotoka." Walimsindikiza mlangoni.

Safari iliyofuata nilikwenda naye. Kikapu chake kilikuwa kizito, na sikuuliza kina nini. Tulipoingia ofisini aliyatoa mawe ya wanafunzi wake, akayapanga juu ya meza ya mkuu wa chuo kama walivyokaa siku ya mtihani, meusi tisa na meupe mawili. Kisha akanigeukia mimi msimamizi nieleze. Nikaweka kidole juu ya jiwe jeupe la katikati, nikasema huyu ni Bartholomeo, na mbele yake mbuzi, nyuma mbuzi, kulia mbuzi, kushoto mbuzi. Kama walinakiliana, mbuzi huyo alimrukaje Bartholomeo? Nimefundisha hesabu miaka mingi na sijapata kutoa hoja iliyonyooka kama ile. Mkuu wa chuo akasema ataleta mkaguzi.

Mkaguzi alikuja Agosti, kijana msafi, viatu vyake havikuwa vya milima. Mwalimu Yudith hakumleta Kituoni. Alimpandisha mpaka kijiji kimoja cha juu siku ya msaragambo, yaani siku ambayo kijiji kizima hutoka kufanya kazi ya pamoja, na kazi ya siku hiyo ilikuwa kuziba ufa wa ndiva. Wale watu hawakuwa wanafunzi wetu, na wengi wao Kiingereza hawajapata kukisikia. Mwalimu akamwambia mkaguzi awasomee habari ile kwa Kiswahili yeye mwenyewe, asije akasema kuna mtu kaongeza neno. Akasoma. Watu waliegemea majembe wakasikiliza. Alipouliza kijana alipewa adhabu gani, Mama Raheli, aliyekuwa na karai la udongo kichwani, hakungoja hata amalize.

"Mbuzi," akasema. "Kwani huko kwenu mnatoza nini?"

Wengine wakadakia kwamba ni mbuzi, ila wakaanza kubishana kama ni jike au beberu, na ubishi huo mkaguzi aliuacha ukiendelea. Njiani wakati wa kushuka alicheka peke yake. Mwalimu Yudith hakucheka. Alimuuliza kama kicheko hicho nacho atakiandika.

Basi tukashinda, au tulidhani tumeshinda. Chuo kiliamua kwamba watahiniwa walioandika mbuzi hawakudanganya, na kwamba karatasi zao zisahihishwe upya. Wote tisa walifaulu, wakaingia chuoni mwaka uliofuata. Mwalimu alirudishwa darasani. Hakuna aliyemwomba radhi. Ufunguo wa darasa aliukuta mezani kwake asubuhi moja, na mpaka leo hajui aliyeuweka.

Sasa msomaji, nakuomba usome aya hii polepole kama Mwalimu anavyotaka. Uamuzi ule ulihusu watahiniwa walioandika mbuzi. Bartholomeo na Kuluthumu hawakuandika mbuzi. Kwa hiyo karatasi zao hazikuguswa, na kwenye kumbukumbu za chuo wawili hao bado ni wadanganyifu. Watu waliojibu sahihi! Waliokosea wamesafishwa kwa sababu ya kosa lao, na wale ambao hawakukosea wamebaki na doa kwa sababu hawana kosa la kusafishiwa. Tulipouliza, chuo kikasema kinachotakiwa ni ombi la Mkuu wa Kituo, sentensi moja tu yenye sahihi yake, nao watalishughulikia. Ndugu Mkuu amekataa. Amesema suala limekwisha, tusichokoze nyuki. Amesema hivyo mwaka jana na amesema hivyo mwezi uliopita. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na nilipomsikia nilitamani kupindua meza yake.

Bartholomeo alipoelezwa jinsi mambo yalivyo, aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo Mwalimu, ningeandika mbuzi?" Mwalimu Yudith alikuwa amemfundisha mtu huyo kwa miaka minne kujibu kwa kilichoandikwa tu, na mtu huyo alitii, na utii wake ndio uliomponza.

Shamba la mkonge limepunguza watu na Bartholomeo amehamia Ndungu, analima mpunga. Kila Jumamosi huja Same kwa basi, jiwe lake jeupe mfukoni, akakaa kwenye dawati lake, akasoma aya yake ya zamu kama wenzake, ingawa mtihani wenyewe haruhusiwi kuufanya. Kuluthumu bado yuko kantini, naye huja akinuka moshi wa kuni. Chuo hakipokei mtu aliyepita miaka thelathini na mitano. Kuluthumu ana muda kidogo. Bartholomeo anatimiza umri huo mwakani. Mtihani wa Novemba hii ndio wake wa mwisho, na orodha ya watahiniwa inafungwa mwisho wa Julai.

Katika ratiba mliyonayo mikononi imeandikwa kwamba baada ya hotuba Mkuu atamkabidhi mstaafu saa ya ukutani. Ni saa nzuri, nimeiona. Mwalimu Yudith amenituma niseme kwamba haihitaji. Huko anakokwenda kulima tangawizi ataamshwa na jogoo, na zamu yake ya maji haijui dakika. Anachotaka kuagwa nacho ni ile sentensi moja. Nimempunguzia Mkuu kazi ya kuiandika. Iko pale mbele mezani, kando ya saa, imekwisha pigwa chapa, inasubiri sahihi tu, na mjumbe wa chuo yupo hapo hapo kuipokea kwa mkono wake. Nimeikandamiza kwa mawe mawili meupe, kwa hiyo asije mtu akasema imepeperuka.

Mwalimu Yudith, sisi wenzako wa Kituo tunakushukuru kwa sanduku lako la bati, kwa kiganja chako mezani, na kwa kutunyima usingizi pale tulipotaka kusinzia. Nenda salama milimani. Tangawizi zako zikubali, magoti yasikusumbue, na ule ukali wako Mungu akutunzie, maana huku tutakuja kuuazima.

Na atakayeisoma ratiba hii baadaye, akataka kujua kama Ndugu Mkuu alitia sahihi mbele ya watu wote hawa au alichukua saa yake akaondoka, namwomba ajibu kama alivyojibu Bartholomeo. Habari haisemi. Sisi tuliopo ukumbini tunamwangalia.

Ernest Mshana
Mwalimu wa Hesabu